Wifi yangu, kansa ya titi, na sisi tunaouguza

Hii naiandika kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hospitali wanamwelekeza, anapewa tarehe, anapewa karatasi, lakini sisi tunaokaa benchi la nje na begi la nguo na chupa ya uji hamna anayetukalisha chini atuambie tufanye nini, tunajifunza humohumo njiani. Mimi naishi Moshi, Pasua. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, anaishi Arusha maeneo ya Sakina na ana meza ya vitenge soko la Kilombero, na alipogundulika ana saratani ya titi akaanzishiwa matibabu hospitali ya KCMC, hapa Moshi, tukakubaliana aje akae kwangu zile wiki za dawa, maana Arusha na Moshi ni kama kilomita 80 na mtu aliyetoka kutundikiwa kemo, ile dripu ya dawa za kansa, hawezi kubanana kwenye Hiace mpaka Sakina, kila kituo wanapakia. Kwahiyo nimekaa naye, nimempikia, nimebeba faili lake, nimelala naye chumba kimoja siku ambazo hakuweza kubaki peke yake, na nina jambo moja nataka kulisema kwa nguvu zangu zote.

Ukiwa na mtu wako anaumwa kansa ya titi, chagua kazi moja unayoiweza, tangaza kabisa kwamba hii ni yangu, alafu ishike mpaka mwisho.

Nasisitiza mpaka mwisho kwa sababu mwisho wenyewe uko mbali sana na hapa ndo ndugu wengi tunaachia njiani. Wiki ile majibu yalipotoka simu haikuacha kuita, shangazi zake wa Rombo, watu wa kwaya, wa jumuiya, wenzake wa sokoni, nyumba imejaa, wengine wanalia mbele yake mpaka yeye ndo anawabembeleza. Ilipofika dripu ya tatu hata meseji hamna. Siamini kwamba watu wana roho mbaya, hapana, sisi huku tumezoea ugonjwa ambao mwisho wake unauona, mtu analazwa, anaruhusiwa, unampelekea mtori, unampa pole, basi. Huu hauendi hivyo. Wifi alipangiwa dawa kila baada ya siku 21, hiyo ni miezi na miezi, alafu upasuaji wa kutoa ziwa, alafu mionzi, alafu vidonge ambavyo mtu anakunywa kila siku kwa miaka 5 na wengine mpaka 10. Sasa huruma ya wiki mbili itamfikisha wapi mtu huyu?

Kaka ndo alianza kugawa kazi, kwenye grupu la familia la WhatsApp, aliandika tu wazi kwamba jamani naomba kila mtu achukue kitu kimoja. Mama yetu alichukua watoto, akashuka kutoka Kibosho akahamia Sakina na kibegi chake. Mdogo wangu wa mwisho ana gari, Noah, akachukua kupeleka na kurudisha hospitali. Rafiki yake wa sokoni akasema mimi nafungua meza yake kila nikifungua ya kwangu, na nataka niseme hii ilikuwa moja ya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu mama wa biashara akifunga meza miezi minane wateja wanahama, alafu akipona anarudi kuanza na sifuri na madeni ya kikoba yanamsubiri palepale. Huyu dada alikuwa anauza, anaandika kwenye daftari, jioni anatuma hesabu kwa M-Pesa na kapicha ka ukurasa. Wifi amelala kitandani kwangu, hana nguvu hata ya kukaa, anaangalia ile picha ya daftari anasema "leo batiki zimeenda". Ilikuwa inamrudishia uso wake.

Mimi nikachukua chakula na karatasi.

Niongelee karatasi kwanza maana naona wengi hawazijali. Nunua faili la plastiki lenye mifuko, kila kinachotoka hospitali kinaingia humo kwa tarehe, majibu ya damu, ultrasaundi, majibu ya kinyama (kile kipande cha uvimbe kinachokatwa kikapimwe), risiti, barua ya rufaa, kila kitu. Na hayo majibu ya kinyama usiyabebe tu kwenye bahasha, muombe dokta awasomee. Kansa ya titi siyo ugonjwa mmoja kwa wote, na hili mimi nilikuwa silijui kabisa. Wanapima kama uvimbe una vipokezi vya homoni, viwili, cha estrojeni na cha projesteroni, alafu wanapima kitu kingine kinaitwa HER2, na hayo matatu ndo yanaamua dawa gani itafaa. Wifi yeye vipokezi vya homoni vilikuwepo, HER2 hamna, ndo maana akaja kupewa tamoksifeni mwishoni, vile vidonge vya kila siku. Mwenye HER2 kuna dawa yake inaitwa trastuzumabu, ni ya gharama kubwa na mara nyingi inaenda mwaka mzima, kwahiyo ni kitu cha kujua mapema familia ijipange na bima iulizwe. Na kuna ambao hivyo vyote vitatu hamna, hao vidonge vya homoni haviwasaidii, kwao kemo ndo inabeba mzigo mkubwa. Kwahiyo ukisikia mtu anakwambia "mbona mama fulani alipewa dawa hii akapona, na nyie ombeni hiyohiyo", jua kwamba mama fulani na wa kwenu inawezekana wana magonjwa mawili tofauti.

Na muda. Wifi aliona kauvimbe upande wa kushoto akaenda zahanati moja huko mjini wakamwambia ni maziwa yameganda, na mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshaacha kunyonya miaka! Akapewa antibayotiki akarudi nyumbani. Kilichokuja kumshtua ni ngozi, ilikuwa imeanza kuwa na vishimo kama ganda la chungwa na chuchu inavutwa ndani, ndo kaka akasema kesho tunaenda hospitali kubwa. Sasa hapo katikati, kati ya kuambiwa "inabidi tuchukue kinyama" na kweli kukichukua, ndo familia nyingi zinapopotea. Kuna anayesema kisu kikigusa kansa inasambaa, kuna anayesema tukae kikao kwanza, kuna anayesema huyu amefanyiwa kitu na wa sokoni. Kuchukua kinyama hakusambazi kansa, na bila hicho kinyama hamna dokta anayeweza kukupa dawa sahihi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilianzisha mpango wa kansa ya titi na moja ya malengo yake ni mtu akishafika hospitali na dalili basi ndani ya siku 60 vipimo viwe vimekamilika na majibu yapo. Siku 60 ni pamoja na vikao vyetu jamani. Kikao cha ukoo kikikaa Jumapili, kikaahirishwa mpaka mjomba arudi kutoka Dar, alafu mkaenda kwa mtu wa maombi wiki mbili, mmeshazila. Dunia nzima mwaka 2022 wanawake waliogundulika na ugonjwa huu walikuwa kama milioni 2.3 na waliofariki kama 670,000, na wanaofariki wengi wako kwenye nchi kama zetu huku tunakofika hospitali tumechelewa.

Kuhusu dawa za mitishamba naomba nieleweke vizuri. Mimi naelewa kabisa kwa nini mtu anazitaka. Sisi wa kaskazini tunakumbuka 2011, magari yalivyopanga foleni za ajabu kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na walioenda hawakuwa wajinga, walikuwa ni watu wanaumwa na wenye watu wao wanaumwa. Kwa wifi yaliletwa majani ya mstafeli, yakaletwa mafuta, ikaletwa unga kwenye kopo la Blue Band hata jina hauna. Tulichofanya ni kila kinacholetwa kinapokelewa kwa shukrani, kinawekwa kabatini, na tarehe ya kliniki kinabebwa kwa dokta anaulizwa. Majibu yalikuwa yaleyale, asitumie wakati wa kemo, kwa sababu dawa zile zinachakatwa na ini na figo na hiyo mitishamba hamna anayejua imo na nini, inaweza ikagombana na dawa au kuumiza ini. Stafeli lenyewe kama tunda ale tu. Ila hamna ushahidi kwa binadamu kwamba majani yake yanatibu kansa, na mtu akiacha dripu kwa ajili ya majani anapoteza ule muda ambao dawa ingeweza kumsaidia. Na ile ya kumkataza sukari, nyama, maziwa, mayai, mpaka mgonjwa anabaki na mchicha wa kuchemsha, hapana. Mtu wa kemo anahitaji kula ashibe, mayai na maharage na samaki na nyama vinamjenga.

Sasa chakula. Dripu za mwanzo alipewa dawa mbili pamoja, mojawapo doksorubisini, ile nyekundu ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa rangi yake. Usije ukashtuka mkojo ukitoka mwekundu siku hiyo na kesho yake, ni rangi ya dawa siyo damu, na hili muambie na yeye kabla, maana usiku wa manane mtu akiona hivyo peke yake chooni atajua amekufa. Kabla ya kuanza walimpima moyo pia kwa sababu hiyo dawa inaweza kuugusa moyo. Siku mbili tatu za mwanzo ni kichefuchefu, anapewa vidonge vya kuzuia na avinywe kwa saa siyo mpaka atapike ndo avitafute. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuwa inamtoa mbio mpaka nje.

Mimi nikahamisha jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Nyama ya mtori naichemsha huko mchana, mbali na dirisha lake, nachuja supu, natoa mafuta yanayoganda juu, alafu ndizi mshare nazipika peke yake ziive mpaka zilainike kabisa, naziponda kwa mwiko na ile supu kidogokidogo mpaka inakuwa laini haina vipande, chumvi kidogo, hamna kitunguu hamna hoho. Alafu siupeleki wa moto. Chakula cha moto kinatoa harufu sana, cha uvuguvugu anaweza. Kijiko cha chuma tulikiondoa akawa anatumia cha mti, ile ladha ikapungua. Anakula vijiko vinne, naondoa, baada ya saa moja narudisha tena vijiko vinne. Usimwekee sahani ya mlima mtu wa kemo alafu ukakaa unamwangalia na macho ya huzuni kwamba hajamaliza. Juisi ya ukwaju ya baridi ilimsaidia sana, na uji wa ulezi uliokamuliwa ndimu. Vidonda vya mdomoni vilipokuja ni kusukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi mara nyingi kwa siku na mswaki laini kabisa.

Hapa niseme kitu ambacho ukikisahau vyote basi kikumbuke hiki. Nunua kipimajoto, duka la dawa kipo, usitumie mkono kwenye paji la uso. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, na zinakuwa chini kabisa kama wiki moja mpaka mbili baada ya dripu, wakati huo mwili hauna askari. Joto likifika 38 unaenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku, hata kama mwenyewe anasema nimelala vibaya tu. Humpi Panadol kwanza ukasubiri asubuhi, Panadol itashusha joto na itaficha kinachoendelea. Wifi ilimpata baada ya dripu ya pili, alikuwa anatetemeka na huku anatuambia tusimsumbue mdogo wangu na gari usiku. Tulimsumbua. Akalazwa, akawekewa antibayotiki za mshipa, akatoka. Sista wa pale wodini alituambia mmefanya vizuri kuwahi, na mimi hiyo sentensi nimeikariri kwa ajili ya yeyote atakayeniuliza.

Nywele zilianza kutoka kama wiki mbili baada ya dripu ya kwanza, kwenye mto, kwenye kitana. Alimwita binti yake mkubwa akamwambia chukua mashine ya baba unyoe zote, hakutaka saluni. Baadaye alinunua wigi akalivaa kanisani mara mbili akasema linamuwasha, akarudi kwenye kilemba cha kitenge na alipendeza nacho sana kwa kweli, anajua kufunga.

Desemba ikatukuta katikati ya dawa. Wanaotujua wanajua Desemba kwetu ikoje, magari ya namba za kila mkoa yanapanda mlimani, kihambani Kibosho, kwenye shamba la ukoo, tunakuwa watu hamsini, kuna mbuzi, kuna mbege, kila mtu anataka kukumbatia kila mtu. Mama alitaka sana mkwe wake awepo. Dokta alisema anaweza kupanda ila asikae kwenye msongamano na wenye mafua wakae mbali. Kaka akamwekea kiti nje chini ya migomba upande wa pili, ndoo ya maji na sabuni pale pa kuingilia, na watu wanakwenda kumsalimia wawiliwawili, wanapunga mkono tu hamna kushikana. Babu mdogo mmoja alikasirika, akasema huku ni kumtenga mgonjwa. Kaka akamfuata akakaa naye akamwelezea habari ya chembe za damu taratibu kwa heshima mpaka mzee akaelewa, na huyohuyo mzee ndo akageuka mlinzi wa ile njia mpaka jioni, watoto wanaokohoa anawarudisha. Nimemtaja kaka hapo makusudi. Wanaume mnaosoma hii, mke wako akiumwa kansa ya titi kazi ya kumwelezea ukoo ni ya kwako. Yeye hana nguvu ya kumjibu shangazi yako, na mimi wifi nikijibu ni ugomvi. Mume akisema, kunatulia.

Na kuna la chumbani, nalisema kwa ufupi maana siyo langu. Mwanamke akishaondolewa ziwa anajiuliza kama mume bado anamtaka. Wifi aliniambia kitu kilichomponya ni kaka kumbadilishia bandeji mwenyewe akiwa nyumbani, bila kugeuza uso. Wapo waume wanaohama chumba. Wapo wanaorudisha mtu kwao. Ugonjwa huu hata wanaume wenyewe unawapata, ni wachache, kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya wagonjwa wote, lakini unawapata, na mwanaume akiona uvimbe nyuma ya chuchu naye aende.

Baada ya upasuaji kuna mkono. Walimtoa na tezi za kwapani, na zile tezi ndo zinapitisha majimaji ya mkono, kwahiyo mkono wa upande ule unaweza kuvimba hata miaka baadaye. Fundisho alilopewa ni mazoezi, anasimama karibu na ukuta, anaweka vidole, anavitembeza kupanda juu taratibu mpaka panapouma kidogo, anasimama hapo, anashuka. Mtoto wake mdogo akawa anaweka alama ya penseli ukutani kwangu kila vidole vinapofika, zile alama bado zipo na sitapaka rangi hapo. Mkono huo asiungue, asikatwe na kisu, akilima avae glovu, na ukiwa mwekundu na wa moto awahi hospitali. Kwahiyo ndugu, kumchotea maji na kumfulia mashuka katika zile wiki za mwanzo siyo kumdekeza.

Ziwa la kuvaa tulishona wenyewe. La silikoni linapatikana kwa bei ambayo kwetu ilikuwa ngumu wakati ule. Wiki za mwanzo kidonda hakijapona vizuri alivaa la pamba tu, jepesi. Kilipokauka tukachukua kipande cha shuka ya pamba iliyofuliwa sana, tukakata maumbo mawili ya tone la maji, tukashona tukaacha mdomo nyuma wenye kifungo, tukajaza ulezi mkavu uliopetwa. Uzito ndo muhimu, bila uzito sidiria inapanda upande mmoja na bega linakaa vibaya mpaka mgongo unauma. Alisimama mbele ya kioo na mimi naongeza ulezi konzi kwa konzi mpaka kamba mbili za sidiria zikalingana. Fundi wa hapa karibu akashonea mfuko wa ndani kwenye sidiria zake za mtumba alizonunua soko la Memorial. Siku ya kufua unamwaga ulezi kwanza, la sivyo unaloa unaoza. Alivaa gauni lake la kitenge cha bluu akageuka upande, akageuka upande mwingine, akasema "wifi, nipeleke kanisani".

Mionzi alienda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Kwa miaka mingi sisi wa huku mionzi maana yake ilikuwa ni hiyo, kupanda basi kutwa nzima na kutafuta pa kufikia. Mionzi inatolewa Jumatatu mpaka Ijumaa wiki kadhaa mfululizo, kila siku ni dakika chache tu kwenye mashine, kwahiyo kinachogharimu ni kukaa. Binamu yetu wa Dar ndo akachukua hiyo kazi, chumba, chakula na nauli ya kila asubuhi. Ngozi ya pale kifuani iliungua ikawa nyeusi, alikatazwa pafyumu na mafuta yoyote bila kuuliza, akawa anavaa khanga nyepesi tu.

Kuhusu hela, nina ombi. Msiba ukitokea tunachanga usiku mmoja, tenti, jeneza, magari ya kupanda mlimani, na hata asiyekuwa nacho anakopa. Naomba ile nguvu ije mapema, wakati mtu anasikia. Siyo lazima iwe kubwa. Kuna mama wa jumuiya alikuwa anatuma shilingi 5,000 kila tarehe ya dripu, hajawahi kuruka, na hizo elfu tano zilikuwa zinalipa vitu ambavyo bima haikuvigusa, nauli, maziwa, vocha, glovu. Wifi alikuwa anaingoja ile meseji zaidi ya anavyongoja michango mikubwa, kwa sababu ilimwambia kuna mtu anajua leo ni siku gani.

Na maneno. Usimsimulie habari ya aliyekufa. Usimwambie "umekonda". Usimwambie akiwa na imani ya kutosha atapona, kana kwamba akizidiwa ni kwamba hakuamini vizuri, huo ni mzigo mbaya sana kumtwisha mtu anayeomba kila usiku. Kama huna la kusema kaa naye muangalie tamthilia. Akitaka kuongelea kifo muache aongee, wifi aliongea na mimi kuhusu watoto akifa, nani akae nao, ile kiwanja iandikwe jina la nani, nikaandika kila kitu kwenye daftari na sikumkatisha hata mara moja, na baada ya hapo alilala vizuri.

Sa hivi yuko kwenye tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku. Nywele zimerudi, amerudi mezani kwake Kilombero, na hapa ndo kuna hatari nyingine kwa sababu ukimwona unasema huyu amepona, na yeye akijiona hivyo vidonge vinaanza kusahaulika, hasa vile vinamletea joto la ghafla usiku mpaka anabadilisha shuka. Kuacha mwenyewe bila dokta ni kumfungulia mlango ugonjwa urudi. Kaka ndo kashika hiyo, kila taarifa ya habari ya saa mbili inapoanza kidonge na glasi ya maji vipo mezani. Uzazi wa mpango wa sindano na vipandikizi vya homoni hatumii tena, aliambiwa atumie njia isiyo na homoni, na akiona damu isiyo ya kawaida aseme mapema. Ziwa lililobaki linapigwa picha ya mamografia kila mwaka.

Kilichobaki kwetu ni ndugu zake wa damu. Mtu ambaye mama yake au dada yake wa tumbo moja aliugua, uwezekano wake wa kuugua unakuwa kama mara mbili ya wengine, na wifi aligundulika akiwa na miaka 41 tu. Binti yake umri wa kuchunguzwa bado haujafika, dokta amesema wasisubiri mpaka 40, aanze kuchunguzwa kama miaka kumi kabla ya umri ambao mama aliugua, na kwa sasa aujue mwili wake, akiona kitu kipya aseme. Dada zake wako watatu huko Rombo. Wawili wameshashuka Moshi wakapimwa, wakalala kwangu, wako salama. Wa tatu anasema ana mahindi shambani, akivuna atakuja. Nimeshaongea na mume wake, na Jumamosi mdogo wangu anaenda kumchukua na Noah, mahindi yatavunwa na sisi wote tukirudi.